Uzi wa Buluu: Shajara ya Ramani ya Farasi na Njiwa wa Enzi za Wamongolia

6 Januari

Leo nimenunua yadi tatu za marekani nene na mabunda ya uzi wa rangi tatu. Kazi ninayoianza ni ramani ya ukutani, ya kushona kwa mkono, itakayoonyesha jinsi habari zilivyosafiri katika himaya ya Wamongolia karne ya 13. Itatundikwa kwenye darasa la historia la kidato cha pili, shule ya hapa mtaani, na nimeahidi kuifikisha kabla ya likizo ya Aprili. Uzi mwekundu utakuwa njia za farasi, wa buluu njia za njiwa, wa manjano mioto ya ishara.

Uzi wa buluu nimenunua mara tatu ya mwekundu. Sababu ni sentensi moja ninayokutana nayo kila mahali: kwamba Genghis Khan, mwanzilishi wa himaya hiyo, alijenga vituo vya njiwa wa barua kila alikopita, kutoka Asia hadi Ulaya. Mimi nimekulia kwenye nyumba yenye banda la njiwa, na sentensi hiyo naipenda tangu utotoni. Sasa nataka kujua kila kituo kilikuwa wapi, nikitie fundo lake.

11 Januari

Nimeanza na maneno ya Wamongolia wenyewe, yaani Historia ya Siri, iliyoandikwa karne ya 13 kwa ajili ya ukoo wa Genghis Khan. Nimeisoma kalamu mkononi, nikipiga mstari kila anapotajwa ndege. Wapo. Bodonchar, babu wa zamani wa ukoo huo, anatengwa na ndugu zake, anamtega kozi kwa unywele wa mkia wa farasi wake, kisha kozi yule anamkamatia bata na wote wawili wanaishi. Ni kisa kizuri mno. Lakini njiwa mwenye barua sikumkuta hata mmoja.

Farasi ndio wamejaa. Mwishoni mwa kitabu Ögedei, mwana wa Genghis aliyetawala kuanzia 1229, analalamika kwamba matarishi wake wanachelewa na wakati huohuo wanawaelemea raia, maana wanapita popote na kuchukua wanyama wa watu. Anaamua viwekwe vituo maalumu, kila kituo na watunza farasi wake, kondoo wa kuchinja, farasi majike wa kukamuliwa, mikokoteni na maksai. Kaka yake Chaghatai anakubali, na anasema atavijenga vya kwake vije kukutana na vya Ögedei, na huko magharibi Batu, mtoto wa kaka yao, naye ajenge vya kwake vije kukutana na hivyo. Adhabu imetajwa hata kwa anayepunguza kipande cha kamba.

Kipande hicho cha kamba nimekifikiria jioni nzima. Himaya kubwa namna ile, na kuna mtu kazi yake ni kuhesabu kamba za kituo kilicho katikati ya nyika. Baadaye Ögedei anataja mambo manne mema aliyoyatenda baada ya baba yake, na vituo hivi ni la pili. La tatu ni kuchimba visima mahali pasipo maji. Naona mambo hayo mawili yamekaa pamoja kwa haki, kwa sababu njia ya farasi bila maji haipitiki.

Nimeshona fundo la kwanza, jekundu, Karakorum, mji mkuu wa Ögedei.

19 Januari

Wiki nzima nimekuwa na Marco Polo, aliyeondoka Venice mwaka 1271 na kukaa miaka mingi katika utawala wa Kublai Khan, mjukuu wa Genghis. Anaeleza vituo vilivyoachana kama maili 25, kila kimoja na farasi waliotandikwa tayari. Katikati yake, kila maili tatu, kuna kijiji cha matarishi wa miguu wenye mikanda ya kengele. Tarishi anakimbia maili zake tatu tu. Mwenzake anazisikia kengele kwa mbali, anajifunga kibwebwe, anapokea kifurushi na kuchomoka. Pembeni yuko karani anayeandika saa aliyofika huyu na saa aliyotoka yule.

Anaeleza pia vibao vya amri walivyopewa wajumbe, ambavyo vingine vilichorwa kozi mkubwa wa kaskazini. Vibao halisi vimebaki hadi leo kwenye majumba ya makumbusho, vya fedha, vya shaba, vya chuma, vikiwa na maneno kwamba kwa nguvu za Mbingu ya Milele, asiyemheshimu mbebaji ana hatia na atakufa. Kwa hiyo ndege wa posta ya Wamongolia nimempata, naye amechorwa kwenye kibao. Ni kozi, na chakula cha kozi ni njiwa.

Huyu Polo anahesabu mpaka kengele za viunoni. Angewaona njiwa wa barua kwenye njia za Kublai Khan, asingewaacha.

Nimeshona njia nyekundu kutoka Karakorum hadi Khanbaliq, ambayo leo ni Beijing. Bunda la buluu bado halijafunguliwa.

24 Januari

Nimepoteza siku mbili kwa kisa cha paka na mbayuwayu. Kinasimuliwa kwamba Genghis Khan, alipouzingira mji mmoja wa Watangut, watu wa kaskazini-magharibi ya China ya leo, aliwaambia wakazi ataondoka wakimpa paka 1,000 na mbayuwayu 10,000. Walipompa, aliwafunga pamba yenye moto na kuwaachia, wakarudi majumbani na kuuteketeza mji. Nilitaka kumchora mbayuwayu mmoja pembeni mwa ramani. Lakini kisa hichohicho, cha njiwa na shomoro, kinasimuliwa juu ya Olga, mtawala wa Kiev, na kabila la Wadrevlia mwaka 946, zaidi ya miaka 250 kabla. Ni hadithi inayohama kutoka jemadari hadi jemadari. Nimeiacha.

Ila ina jambo moja la kweli ndani yake: ndege anarudi kwake. Nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza.

2 Februari

Nimekwenda kwa mzee anayefuga njiwa nyuma ya soko. Mabanda yake ni ya makasha ya chai yaliyotiwa miguu ya mabati ili panya wasipande, na chini yake sakafu imefagiliwa safi kuliko baraza yangu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua au kuuliza?”

“Kuuliza, babu. Nataka kujua njiwa wa barua anafundishwaje kwenda mahali.”

Akanitazama kwa upole. “Njiwa humfundishi kwenda. Unamfundisha kurudi.”

Akamshika jike mmoja wa kijivu, kidole gumba mgongoni, miguu katikati ya vidole viwili, akanionyesha. Kinda wa wiki nne au tano ndiyo kwanza anaanza kutoka. Ndiyo siku za kumzoesha paa lake, mtama wake, sauti ya bati lake. Akishapashika pale, unamchukua kwa tenga, unakwenda naye mbali kidogo, unamwachia, anarudi. Kesho mbali zaidi. Lakini huwezi kumpa barua ukamwambia apeleke mjini. Anayetaka kuandikiwa kutoka mjini ndiye anayepeleka njiwa wake mjini mapema, wakae kwenye tenga kule wakisubiri.

“Na akikaa sana kule?”

“Akizaa kule, umempoteza. Kwake ni kule.”

Nikamweleza habari za Wamongolia na ramani yangu. Akauliza swali moja tu. “Nyumba zao ni za nini?”

“Mahema, babu. Ya sufu ya kondoo iliyopigwa ikashikana. Wanahama na mifugo.”

“Na mfalme wao?”

“Naye anahama.”

“Sasa njiwa wao atarudi wapi?”

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikupanda hata daladala. Mwezi mzima nimekuwa nikitafuta jibu la swali hilo bila kujua kwamba ndilo swali.

3 Februari

Msafiri Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Kilwa kwetu huku pwani, miaka michache baadaye alikuwa kwenye nyika za kaskazini, katika kambi ya Uzbek Khan, mtawala wa uzao wa Genghis. Anasema aliona mji mkubwa unaotembea na watu wake wote, wenye misikiti na masoko, na moshi wa majiko ukipanda angani kwa sababu walipika huku wakisafiri.

Mji unaotembea na moshi wake! Njiwa wa kambi hiyo akiachiwa kutoka mbali angerudi pale hema lilipokuwa wiki mbili zilizopita, akazunguka juu ya majivu na kinyesi cha farasi. Farasi hana shida hiyo, kwa kuwa aliye juu yake anauliza njia.

Nimefika uamuzi wangu. Njia kuu za Wamongolia zote nitazishona nyekundu. Ögedei alipofariki Desemba 1241, majeshi yake yalikuwa Hungaria, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Karakorum, na hapakuwa na paa la njiwa kule wala huku. Uzi wa buluu utapata kazi mahali pengine, upande wa watu wenye kuta.

10 Februari

Habari mbaya. Uzi mwekundu umechuja. Nililowesha kitambaa ili nikinyooshe, na barabara yote ya Karakorum ikatoka damu hadi jangwa la Gobi. Dukani niliambiwa rangi haitoki hata kwa maji ya moto. Nimefumua kazi ya wiki nne. Sehemu iliyoingia rangi nimeifunika kwa kiraka cha rangi ya mchanga, na kwa kuwa pale ni jangwa, kimekaa vizuri. Uzi mpya nimeuchemsha kwanza kwa chumvi.

15 Februari

Buluu imefunguliwa. Fundo la kwanza liko Baghdad.

Khalifa al-Nasir, aliyekaa kwenye kiti kuanzia 1180 hadi 1225, aliwapenda njiwa wa barua kiasi kwamba mwanahistoria wa zama zake, Ibn al-Athir, anamlaumu kwa muda alioupoteza nao. Nasaba za njiwa ziliandikwa kwenye daftari kama nasaba za farasi wa Kiarabu. Kabla yake Nur al-Din, mtawala wa Shamu, alikuwa amepanga posta ya njiwa kwenye miji yake karibu na 1171, apate kusikia mapema Wafaranki, yaani Wakristo wa vita vya msalaba, wakivuka mpaka. Hulagu Khan, mjukuu wa Genghis, alipouvunja mji wa Baghdad mwaka 1258, alivunja mji wa watu waliokuwa wakisoma anga kwa vizazi.

Hata jina tunalomwita njiwa wetu wa nyumbani linaelekeza huko. Njiwa manga: manga ni Uarabuni.

21 Februari

Nimekaa Misri wiki nzima na sitaki kutoka. Wamamluki, askari wa asili ya utumwa walioitawala Misri, waliwashinda Wamongolia Ain Jalut, Palestina, mwaka 1260, na sultani Baybars, aliyeshika utawala mwaka huohuo, alijua watarudi. Mpaka ulikuwa mto Furati, mbali mno na Kairo. Kwa hiyo alipanga njia tatu za habari kwa pamoja: farasi wa kupokezana, njiwa, na mioto.

Mioto ilianzia kwenye ngome za mpakani, al-Bira na al-Rahba, moshi mchana na moto usiku, kilima hadi kilima mpaka Gaza. Kutoka Gaza hadi Kairo ni mchanga mtupu, mioto inaishia hapo, na habari wanaichukua njiwa na farasi. Moto unasema neno moja tu: wanakuja. Njiwa ndiye anayesema wangapi na kutoka wapi.

Ibn Abd al-Zahir, katibu wa masultani aliyeandika kitabu kizima juu ya njiwa wa barua, anatoa hesabu: mwaka 1288 minara ya ngome ya Kairo ilikuwa na njiwa 1,900. Makatibu wa Kimamluki wameacha kanuni zote. Barua iliandikwa kwenye karatasi nyembamba iliyoitwa karatasi ya ndege. Haikuanza kwa Bismillahi, haikuwa na vyeo wala salamu ndefu, na iliandikwa saa na siku. Ilifungwa chini ya ubawa isilowe. Nakala zilikuwa mbili, kwa njiwa wawili walioachiwa kwa kupishana saa mbili. Wakati wa mvua hakuachiwa, na hakuachiwa kabla ya kushiba. Njiwa wa sultani walikuwa na alama yao. Akitua mmoja Kairo, hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kumfungua ila wa sultani mwenyewe. Kama anakula, haingojwi amalize. Kama amelala, anaamshwa.

Na mwisho wa barua, maneno ambayo nyumbani kwetu bibi aliyasema kila mgonjwa alipozidiwa: Hasbunallahu wa ni'mal wakil. Mwenyezi Mungu anatutosha, naye ni mbora wa kutegemewa. Nimeyasoma nikiwa nimeshika sindano, nikaiweka chini. Mtu yuko juu ya ukuta wa ngome, vumbi la Wamongolia linaonekana ng'ambo ya mto, kipande cha karatasi hakitoshi hata salamu, lakini maneno hayo matano yamepatiwa nafasi.

Kwenye ramani: Kairo, Bilbays, Salihiyya, Qatya, Gaza, Damascus, na kupanda kaskazini. Kila pengo ni uzi wake, unaanza na kuishia kwa fundo, kwa sababu kila njiwa aliruka kipande kimoja tu. Barua ilihamishwa kutoka ubawa hadi ubawa. Kisha njiwa walirudishwa kituoni juu ya wanyama, kwenye matenga, wakaisubiri barua inayofuata. Nimeongeza mshono mwembamba wa kahawia chini ya kila uzi wa buluu kuonyesha safari hiyo ya kurudishwa. Imenichukua siku mbili za ziada. Lazima watoto waione, maana bila mnyama wa mizigo posta ya njiwa inakufa baada ya barua ya kwanza.

1 Machi

Jaribio. Njiwa wangu wawili nimewazoesha tangu mwezi uliopita, kilomita mbili, tano, kumi na tano. Leo nimewachukua hadi Muheza, kama kilomita 35 kwa barabara kutoka nyumbani Tanga. Mpwa wangu amekaa juu ya paa na saa.

Karatasi ya fundi ya kukatia ramani za nguo ilikuwa nzito. Nilitumia karatasi laini iliyofungiwa matofaa, nikakata ukanda wa upana wa kidole, urefu wa kiganja. Niliandika kwa penseli, maana wino ulipenya upande wa pili: Muheza. Jumapili. Saa moja na nusu. Wingu mashariki. Abiria wa basi la kwanza wameshuka. Na maneno yale matano. Sikuwa na nafasi ya neno jingine. Niliikunja ikawa nyembamba kama kijiti cha kiberiti na kuifunga kwa uzi wa buluu, mguuni, kwa sababu chini ya ubawa sikuweza bila kumuumiza.

Dume alizunguka mara mbili juu ya stendi, akashika njia. Saa mbili na dakika kumi na tano mpwa wangu alinipigia simu. “Mjomba, yuko kwenye bati, anakunywa maji, na barua anayo!” Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Yangu pia.

Jike nilimwachia saa tatu na nusu, na nakala ya pili. Naongeza 2 Machi: amerudi leo asubuhi, manyoya mawili ya mkia hayapo, mguu mtupu. Mwewe au waya, sijui. Sasa ile kanuni ya njiwa wawili naiona kama mtu anavyoiona kanuni ya kuchemsha maji baada ya kuugua.

8 Machi

Kwa haki ya ramani, nimerudi mashariki kidogo. Mwaka 1041 Watangut wa dola ya Xia Magharibi walilivizia jeshi la Song, dola ya Wachina, mahali paitwapo Haoshuichuan. Waliacha makasha barabarani. Askari wa Song wakasikia kitu kinapapatika ndani, wakafungua, na njiwa zaidi ya mia, wamefungwa filimbi, wakapanda na kuzunguka juu ya vichwa vyao. Watangut waliokuwa wamejificha wakajua adui yuko wapi hasa. Jenerali Ren Fu alikufa siku hiyo. Wale walikuwa njiwa wasio na barua, lakini habari waliipeleka.

Dola hiyo ya Watangut ndiyo Wamongolia waliyoimaliza mwaka 1227. Kwa hiyo huko China na kule Baghdad, Wamongolia walipiga dola za watu waliowajua njiwa. Wakawakuta njiwa wa wengine. Duara dogo la buluu kwa Haoshuichuan, basi.

14 Machi

Mosul, mji wa kaskazini mwa Iraq ya leo. Nimeiogopa tangu nilipoisoma, nikaiacha hadi mkono uwe umezoea sindano.

Anayesimulia ni Rashid al-Din, waziri wa Wamongolia wenyewe huko Uajemi. Mtawala wa Mosul, al-Salih Ismail, ambaye baba yake aliwahi kumtii Hulagu, aliasi na kugeukia upande wa Misri. Kuanzia mwishoni mwa 1261 jeshi la Wamongolia chini ya Samdaghu liliuzingira mji, mitambo ya kurusha mawe ikapangwa kuuzunguka ukuta. Kamanda wa Kimamluki, Aqqush al-Barli, akaja kuwaokoa. Alipofika Sinjar, zaidi ya kilomita 100 magharibi ya Mosul, aliandika barua ya kuwapa moyo: nimefika, nakuja. Akaifunga kwa njiwa wa Mosul, akamwachia.

Njiwa alifanya kila kitu sawasawa. Aliijua njia, aliuona mji wake, akashuka. Lakini kati yake na paa lake kulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo siku alipochukuliwa kwenye tenga: mbao ndefu zilizosimama, mfano wa mti mkavu. Akatua juu yake. Ulikuwa mtambo wa Wamongolia. Mwenye mtambo akamkamata, akampeleka kwa Samdaghu, na barua ikasomwa.

Mimi nafuga njiwa, na najua namna anavyotua juu ya kitu kigeni amechoka: anakaza vidole, anainamisha kichwa upande mmoja, anatazama nyumbani, anapumzika kidogo tu kabla ya kumalizia. Ni pumziko hilo.

Samdaghu hakungoja. Alituma askari wakawavizia waokoaji karibu na Sinjar, wakawavunja. Kisha askari hao walivaa nguo za waliouawa, wakaja Mosul kama wao ndio msaada. Watu wa mji, waliokuwa na njaa na kiu ya habari njema, walitoka nje ya lango kuwalaki kwa shangwe. Wakazungukwa na kuuawa. Mji ulishikilia miezi mingine, ukaanguka katika kiangazi cha 1262. Al-Salih aliuawa kwa mateso ambayo sitayaweka kwenye ramani ya watoto.

Hapa ndipo Wamongolia wanapoingia kweli kwenye habari za njiwa: kama wasomaji wa barua isiyokuwa yao. Hawakuhitaji kufuga hata mmoja. Na barua yenyewe, kwa kuwa iliandikwa kwa kutegemea kwamba njiwa ni mwaminifu, ilikuwa wazi, kila mwenye macho na Kiarabu angeisoma. Wakati wote tunausifu uaminifu wa njiwa, na alikuwa mwaminifu. Kilichobadilika ni mazingira ya nyumba yake.

Leo sikushona kitu.

17 Machi

Ili watoto wasione upande mmoja tu, nimeweka pia Homs, mji wa Shamu ambako Wamamluki walipigana na Wamongolia Oktoba 1281. Kabla ya vita, mtu mmoja aliyewatoroka Wamongolia alifika mji jirani wa Hama na kumwambia liwali: mwandikie sultani sasa hivi, kwa ubawa wa njiwa, kwamba wao ni 80,000, kwamba katikati wamejaza Wamongolia 44,000, na kwamba mkono wao wa kulia una nguvu sana, basi aimarishe mkono wake wa kushoto. Hesabu ni ya mtoro, na watoro hukuza. Lakini kuhusu mkono ule alisema kweli: siku ya vita upande wa kushoto wa Wamamluki ulivunjika vibaya, watu wakakimbia hadi Damascus. Katikati ndipo sultani Qalawun aliposimama, na ushindi ukawa wake.

Njiwa wa Homs aliwahi, wa Mosul alinaswa. Wote wawili nimewapa uzi mnene wa namna moja.

22 Machi

Mwalimu wa historia amepita kuangalia. Aliuliza kwa nini upande wa Mongolia wote ni mwekundu na buluu imejikusanya huku Shamu na Misri kama mishipa ya mkono. Nikampa swali la babu: njiwa wao atarudi wapi? Alicheka, akanyamaza, akavuta kiti. Amesema ataanza somo na swali hilohilo, ramani ikiwa bado imekunjwa.

Ameniomba pia niweke mwaka 1400, Timur, jemadari wa Asia ya Kati, alipoivamia Shamu na ile posta ya farasi ya Wamamluki ikafa, isirudi tena. Nimeishonea mstari mwekundu uliokatika katikati, ncha zake nimeziacha zikining'inia.

28 Machi

Mabunda mawili ya buluu yamebaki mazima. Nimempelekea babu amfungie mjukuu wake matenga, akayapokea kwa mikono miwili.

Kilichobaki kilikuwa uzi mmoja, Sinjar hadi Mosul. Nimeushona usiku huu. Fundo la kuanzia liko Sinjar, imara. Nimekwenda mashariki kwa mishono mifupi iliyonyooka, maana hakupotea njia. Ukuta wa Mosul nimeuchora kwa uzi mweusi, na nje yake, upana wa punje moja ya mchele, mtambo wa mbao mbili na kamba. Uzi wa buluu nimeukomesha juu ya ule ubao wa juu. Ndani ya ukuta nimeacha tundu la sindano tupu, pale fundo lingekaa.